Mheshimiwa Aliyezindua Kivuli

Sokoni Musoma watu walimwita Mheshimiwa. Nyumbani kwake Kitaji mke wake alimwita Mheshimiwa, na hata mchungaji, alipokuwa akitangaza wagonjwa wa kuombewa, alisema Mheshimiwa anasumbuliwa na mgongo. Cheo hicho hakukipata kwa kura wala kwa uteuzi. Hakuwahi kugombea hata ukatibu wa kwaya. Kazi yake ilikuwa kuuza makoti ya mitumba.

Mimi nilikuwa na studio ya picha mlango wa pili kutoka kwenye meza yake. Nilipiga paspoti, harusi na vipaimara, na baadaye nikampiga yeye. Filamu zote zilizomletea jina na taabu nilizipiga mimi, kwa kamera ileile ya harusi. Aliniita Mama Studio, nami sikuwahi kumwita kwa jina lake la ubatizo, kwa hiyo hata hapa sitaanza.

Kuuza makoti Musoma ni kazi ya watu wenye imani, maana jua la kule halina huruma. Yeye aliyapanga kwa mafungu matatu: la harusi, la msiba na la kesi. Hilo la mwisho alilieleza kwa uangalifu kuliko mengine. "Koti la kesi lisiwe jipya sana," alimwambia mteja, "hakimu atajua umeshakula vya watu. Na lisichakae sana, ataona bado una njaa." Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote ambayo ungeyapata kwake kwa siku. Ukimuuliza bei alinyoosha vidole. Ukishusha bei aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake mpaka mwenyewe ukaona aibu ukapandisha.

Mtu huyo mwenye haya hivyo ndiye tuliyemwona siku moja amevaa koti la kijivu ambalo lilikuwa limekaa mezani muda mrefu bila mnunuzi, kwa kuwa lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye tumbo la watu wawili. Alikuwa anataka tu kuona kama mishono ya mabega imeachia. Akafunga vifungo, akasukuma tumbo mbele ili koti likae, akageukia kioo changu cha mlangoni, na sauti ambayo hatukuwahi kuisikia ikatoka.

"Ndugu wananchi," akasema. "Nimekuja. Na kuja kwangu ni maendeleo."

Nilicheka mpaka picha za paspoti zikaniponyoka mkononi. Yeye hakucheka. Alionekana kama mtu aliyeguswa begani na mgeni. Nikachukua kamera.

Filamu ya kwanza tuliipiga palepale, kwenye ukuta wa studio yangu, nayo ndiyo watu wengi wanaikumbuka. Mheshimiwa anakuja kuzindua kivuli. Utepe umefungwa kutoka kwenye ukuta hadi kwenye baiskeli ya muuza maji. Anaukata kwa mkasi wangu wa picha, anakohoa, anasema: "Kwa muda mrefu mmekuwa mkiungua na jua. Nimelisikia hilo. Leo nawakabidhi kivuli hiki. Hii ni awamu ya kwanza, ya asubuhi. Awamu ya pili itakuwa jioni, upande ule mwingine wa ukuta. Naomba mkitunze."

Tulikuwa hatujaalika watu. Wapita njia walisimama, wakaona utepe, wakaona koti, wakapiga makofi. Mama mmoja aliingia kwenye kivuli akapiga vigelegele. Baadaye alipojua ni mchezo alisema, "Aa, mimi nilijua ni wa kweli. Si wanasemaga hivyohivyo?"

Tukairusha kwenye makundi ya simu. Kufika jioni ilikuwa imeturudia sisi wenyewe kutoka kwa shemeji yangu aliyeko Bunda, na maneno juu yake: huyu ni wa huku kwetu.

Watu walidhani Mheshimiwa ni mtu wa kuwachukia viongozi. Si kweli, na hapo ndipo wengi walipomkosea. Hakuna mkutano wa hadhara aliokosa. Alikwenda mapema, akakaa mbele, akavua kofia kila mgeni aliposimama kusema. Nilipomtania kwamba anakwenda kukusanya vichekesho, alikasirika.

"Nakwenda kusikiliza," alisema. "Siku moja watasema kitu."

Na filamu zake hazikumchekesha. Nilipomwonyesha kwenye kompyuta alikunja uso kama mzazi anayeangalia mwanawe akikosea kusoma kanisani. "Hapa nimemwonea," angesema. "Hapa ungekata, Mama Studio. Amechoka huyu, ametoka safari." Alimhurumia mtu yule wa kwenye koti. Mara moja nilimshauri tupige kisa ambacho Mheshimiwa anaiba mifuko ya saruji ya zahanati. Akakataa kabisa.

"Mwizi hachekeshi. Ukiwaonyesha mwizi watu wanakasirika, wanakwenda kulala na hasira. Mimi nataka yule asiyejua. Anasimama pale, amefunga vifungo, hajui. Huyo ndiye ninayemwelewa."

Nilimuuliza hajui nini.

"Hajui afanye nini na mikono," akasema, akaendelea kupiga makoti brashi.

Watazamaji nao kila kundi lilikuwa na njia yake ya kutazama. Wanawake wa dagaa pale mwaloni Mwigobero waliiangalia filamu ya kivuli kwenye simu moja, vichwa kumi vimegongana, wakacheka mpaka wakafutana machozi kwa kanga. Kesho yake walikuja mezani kwake kwa msafara, mbele yao mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia mitumbwi.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba."

"Tumekuja kuuliza kivuli chetu kimeishia wapi. Wa mjini mmewapa, sisi tunakaaga juani na beseni zetu tangu asubuhi."

Yeye akatazama viatu. Sokoni kote watu wakasubiri. Mwishowe akaingia studio, akalichukua lile koti, akalivaa, akatoka. "Suala la Mwigobero liko mezani kwangu," akasema, akaigonga ile meza ya makoti. Wakashangilia, wakaondoka wakiimba. Lakini mama yule mnene aligeuka akamwambia kwa sauti ya chini, si ya utani tena, "Kweli lakini, Mheshimiwa. Tunaungua."

Haukupita muda mrefu likajengwa paa la mabati kule Mwigobero. Sijui kama ilikuwa kwa sababu yetu au lilikuwa kwenye mipango siku zote. Siku ya kuzinduliwa alikuja kiongozi wa kweli, na utepe wa kweli. Nilikuwepo, nilikodiwa kupiga picha. Kiongozi alikata utepe, akakohoa, akasema: "Ndugu zangu, hii ni awamu ya kwanza."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ilikuwa awamu ya kwanza kweli. Lakini mwanamke mmoja nyuma akatoa sauti kama birika linalochemka, halafu wa pili, halafu soko lote likaangua kicheko. Kiongozi akatabasamu akidhani wamefurahi. Akaendelea: "Na awamu ya pili..." Hakumaliza. Waliokuwa wamekaa walisimama, waliosimama wakakaa chini. Ofisa mmoja aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameuma leso, mabega yanatetemeka.

Ndipo tukaitwa kwenye ofisi ya serikali, Mheshimiwa na mimi.

Walikuwa wanne, kompyuta katikati ya meza. Mwenyekiti wao, mtu mpole mwenye miwani, alitueleza kwamba wataziangalia filamu zote kwa utulivu ili kubaini anayekusudiwa. Mheshimiwa alikaa ukingoni mwa kiti, amevaa shati lake la kijani.

"Unamsema nani humu?" mwenyekiti akauliza.

"Simsemi mtu, mheshimiwa."

"Mheshimiwa yupi? Mimi au wewe?"

"Wewe, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unanisema mimi?"

"Hapana. Nilikuwa nakujibu."

Wakawasha. Mwanzoni walitazama kama watu wanaosomewa hukumu. Kisha ikafika sehemu ambayo Mheshimiwa anamtembelea mgonjwa, anahutubia, anaona kiu, anakunywa maji ya mgonjwa. Ofisa wa kwanza akapasuka. "Huyu ni wewe!" akamwambia jirani yake. "Siku ile kule hospitalini!"

"Mimi?" akasema jirani. "Mtazame vizuri. Anakohoa kabla ya kusema uongo. Nani humu anakohoaga?"

Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshavuta pumzi ili akohoe, akaishikilia. Tulimwona uso unamvimba, macho yanamtoka, kifua kimejaa, na hakuna aliyethubutu kumpiga mgongoni. Alipokuja kukohoa, alikohoa kwa muda mrefu.

Uamuzi ulikuwa huu: hatukufanya kosa, ila filamu zetu zinaegemea upande mmoja. Tutengeneze nyingine, Mheshimiwa aonekane akifanya vizuri. "Kuwe na mizania," mwenyekiti akasema akijifuta macho.

Nilitoka pale natukana kimoyomoyo. Mheshimiwa alitoka anang'aa. Sikuwahi kumwona na furaha ile. Njia nzima hadi sokoni alikuwa anaongea, yeye wa vidole. Alisema siku zote alitaka kumpa yule mtu nafasi.

Tukaenda kuipiga Bugwema, kijijini kwetu, na ndugu zangu ndio wakawa wananchi. Kisa alikitunga yeye. Mheshimiwa anafika kwenye mkutano kwa baiskeli, mapema kuliko watu. Anakuta viti havijapangwa, anapanga. Watu wanakuja. Mjomba wangu anamuuliza kuhusu pampu ya kisima iliyokufa. Mheshimiwa anafikiri, kisha anasema: "Sijui. Nitauliza, na Jumatano nitarudi kuwaambia." Picha inayofuata ni Jumatano. Anarudi, anawaambia pampu inahitaji kifaa gani na kitafika lini, anaaga, anapanda baiskeli. Basi.

Aliicheza bila kusukuma tumbo. Koti lilimning'inia. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama filamu yake huku anatabasamu.

Tuliionyesha mjini, kwenye banda la kutazamia mpira, mchana wa Jumamosi. Watu walijaa hadi madirishani. Alipoingia kwa baiskeli, mapema, kicheko kikaanza. Alipopanga viti watu walikuwa wanapigana mabega. Aliposema "Sijui," kijana mmoja alidondoka kutoka kwenye benchi, akabaki chini akipiga sakafu kwa kiganja, akisema, "Aseme tena! Arudie!" Na alipotokea Jumatano, kweli amerudi, banda lilipasuka. Tulilazimika kusimamisha filamu. Wazee walikuwa wanalia. Mtu mmoja alishika nguzo akisema, "Jumatano! Mungu wangu, Jumatano!" Hadi leo Musoma ukimwambia mtu nitarudi Jumatano, anacheka.

Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama watu, akatazama turubai jeupe la kuonyeshea, akatazama watu tena.

"Mama Studio," akaniambia, "pale sikuwa nachekesha."

Mwenyekiti wa miwani alinipigia simu jioni. Hakupaza sauti. "Hii ndiyo mbaya kuliko zote," alisema.

"Lakini anafanya vizuri, kama mlivyosema."

"Ndiyo maana," akasema, akakata.

Bunda ilikuwa tofauti. Tulialikwa na wakulima wa pamba, tukaonyesha ndani ya ghala tupu, milango imefungwa ili giza liingie. Tulionyesha zote, na hakuna aliyecheka hata mara moja. Walitazama mikono imekunjwa, kama wanahesabiwa. Zilipoisha, mzee mmoja wa mbele akasimama akageukia turubai. "Tumemsikia," akasema. "Sasa aje, tuna maswali."

Nikamwonyesha Mheshimiwa, aliyekuwa nyuma na shati lake la kijani. "Huyu hapa, mzee."

Mzee akamtazama juu hadi chini. "Huyu msaidizi tumemwona. Tunamtaka mwenyewe. Wewe, nenda kamwite."

Naye, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa wazee, akaitikia, "Ndiyo mzee," akatoka kwenda kujiita. Akavaa koti nje ya ghala, akaingia. Wote wakasimama. Wakamuuliza kuhusu dawa ya kupulizia pamba iliyofika wakati wadudu wameshashiba. Wakamuuliza kuhusu tembo wanaotoka hifadhini usiku na kula mahindi.

"Suala la tembo tunalifanyia kazi," akajibu. "Tembo wameshaelezwa. Baadhi wameelewa."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, kimoja tu, kizito, kama gunia limeangushwa. Mzee wa mbele akakaa akifuta macho. "Afadhali huyu," aliwaambia wenzake. "Anatudanganya na anajua kwamba tunajua."

Baada ya hapo mambo yakamgeukia. Wateja walijaribu makoti huku wakimwomba aseme kidogo, akisema wanacheka, wakicheka wanavua koti wanaondoka. Fungu la msiba liliacha kabisa kutoka, kwani nani atakwenda kuzika na koti la Mheshimiwa? Kanisani aliposimama kutoa ushuhuda kuhusu mgongo wake, kwaya nzima iliinama nyuma ya vitabu. Mke wake alilipiga marufuku lile koti la kijivu lisivuke mlango wake, likawa linalala kwangu. Lakini koti halikuwa na shida tena. Watu walikuwa wanacheka shati la kijani.

"Tuache kidogo," aliniambia. Tukaacha. Mwaka ukapita, hatukupiga filamu, naye akarudi kunyoosha vidole.

Dada yake mkubwa alipofariki, kule Butiama, nilikwenda kuzika. Dada huyo ndiye aliyemlea. Ilikuwa masika, nyasi za uwanjani zimekanyagwa na kuwa tope. Binti mkubwa wa marehemu alikuwa amelia tangu juzi bila kula, sauti imemwisha, amebaki anatikisa kichwa tu, na wanawake waliokaa naye walikuwa wameanza kuogopa.

Mshereheshaji akamwita ndugu wa marehemu aseme neno. Mheshimiwa akasimama. Alikuwa na shati jeupe, bila koti, makusudi. Alikuwa amejiandaa, niliona midomo yake ikirudia maneno njia nzima kutoka Musoma.

"Ndugu waombolezaji," akasema.

Kikatoka kicheko nyuma, kikazibwa. Akaanza tena: "Dada yangu..." Kikatoka kingine, upande wa vijana. Mchungaji akawatolea macho. Nikamwona Mheshimiwa anatazama viatu vyake, nikajua anakaa sasa. Angekaa, na hilo ndilo lingekuwa neno lake kwa mtu aliyemlea.

Alipoinua kichwa alimwona yule binti. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikuwa kilio.

Mheshimiwa akamtazama. Kisha taratibu akasukuma tumbo mbele.

"Serikali yangu," akasema kwa ile sauti, "imepokea taarifa za kifo hiki. Na haikubaliani nazo." Uwanja ukalipuka. "Dada yangu alikuwa na miradi. Alikuwa na kuku wanaotaga bila ruhusa. Alikuwa na deni la kunichapa tangu nilipomwaga maziwa, na aliniahidi ataninyoosha akipata nafasi. Namuuliza, nafasi hiyo iko awamu ya ngapi? Tumeunda tume. Tume imekwenda jikoni kwake asubuhi hii, imekuta moto umezimika. Tume imekaa pale. Tume haijui iandike nini."

Binti alikuwa anacheka na kulia, kwa sauti, sauti imerudi, wanawake wamemshika wanalia naye. Mheshimiwa akasema asanteni kwa kunisikiliza, akakaa. Jioni ile binti alikula uji.

Tulikuwa tumeaga, tunaelekea barabarani, mwanamke mmoja alipotufuata. Hakuwa ndugu wa wafiwa, alikuwa jirani wa bonde la pili, miguu yake ina tope hadi magotini.

"Shikamoo baba. Kivuko chetu kimekatika. Binti yangu ana mimba, siku zimefika, na zahanati iko ng'ambo."

"Mama," Mheshimiwa akasema, amechoka, "unajua mimi si kiongozi?"

"Najua. Unauzaga makoti."

"Sasa nitakusaidia nini?"

"Sijasema unisaidie. Nimesema njoo uone. Wenyewe nimewaambia, wanasema wanajua. Hakuna aliyekuja kuona."

Akageuka kwangu. "Mama Studio, kamera ina chaji?"

Nikamwambia inayo. Tukamfuata yule mama kupitia mihogo, na waombolezaji kadhaa wakatufuata, wengine wakiwa tayari wanatabasamu. Korongo lilikuwa limejaa maji mekundu yanayokwenda kasi. Upande huu kulikuwa na gogo moja lililobaki la daraja, upande ule hakuna kitu. Niliwasha kamera, lakini kwenye kioo maji yalionekana kama dimbwi tu la mtoto kuchezea.

"Kina hakionekani," nikasema.

Mheshimiwa akavua viatu, akaviweka pamoja vizuri kwenye nyasi. Akashika gogo kwa mkono mmoja, akateremka. Maji yakampita magoti, yakampita kiuno, shati jeupe likapanda likaelea kumzunguka. Akasogea hatua moja zaidi, yakamfika kifuani. Hakusukuma tumbo, hakukohoa, hakusema ndugu wananchi. Alisimama tu anatetemeka, akitazama kamera, huku mama yule akisimama ukingoni na kueleza mwenyewe binti yake ni nani na siku zimebaki ngapi.

Tulikuwa watu wengi pale ukingoni. Hakuna aliyecheka.